Likizo ya Pwani: Usilipie Sahani Ambayo Hutakuwepo Kuila

Agosti mwaka jana mimi na dadangu tulimpeleka Mama Diani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona bahari. Mama ana kibanda cha chakula Thika, na kwa zaidi ya miaka 20 amewapikia watu wengine chakula cha mchana kila siku isipokuwa Jumapili. Tulikuwa tumeamua jambo moja tu: safari hii Mama asishike mwiko, na asiulize bei ya kitu chochote.

Kwa hivyo tulilipia kila kitu mapema. Tulichanga kwa simu kwa miezi sita, 14,000 kila mwezi, mpaka tukamaliza 84,000. Pesa hiyo ilikuwa ya watu wanne (Mama, mama mdogo, dadangu na mimi), usiku tatu, na milo yote mitatu ya kila siku. Siku tulipomaliza malipo ya mwisho nilijiona bingwa wa bajeti.

Tuliporudi Nairobi nilikaa chini na jumbe zangu za malipo nikapiga hesabu upya. Kati ya sahani 12 za mchana tulizolipia, tulikula 2. Mbili, kati ya kumi na mbili.

Swali ambalo watu wengi hutuuliza kila shule zinapokaribia kufungwa ni hili: je, kulipia chakula cha hoteli mapema kuna faida? Maoni yangu, baada ya kuumia kidogo, ni haya: lipia mapema mlo ambao unajua kwa hakika utakuwa umeketi wapi saa yake ikifika. Mingine yote, acha pesa yake kwenye simu.

Kwanza, zile herufi

Ukitafuta hoteli utaona bei zimeandikwa BB, HB, FB au AI. Wengi wetu tunazipita tu, ilhali hapo ndipo pesa ilipo.

BB ni kulala na kiamsha kinywa. HB ni kulala, kiamsha kinywa na mlo mmoja mkuu, ambao mara nyingi ni wa jioni. FB ni milo yote mitatu. AI ni milo pamoja na vinywaji, ingawa hata hapo kila hoteli huwa na orodha yake ya vinywaji vilivyo ndani na vilivyo nje.

Hoteli yetu ilituuzia hivi, kwa mtu mmoja kwa usiku: BB 4,600, HB 5,800 na FB 7,000. Kila mlo ulioongezwa ulikuwa 1,200. Ukiutazama peke yake unaonekana wa haki kabisa, kwa sababu mgeni wa kutoka nje angelipa 1,500 kwa mlo huohuo wa mchana. Nikajiambia, hapa nimeokoa 300 kwa kila sahani. Na hivyo ndivyo ofa hutungwa. Nimesomea mauzo chuoni, ningepaswa kujua.

Kosa ni kwamba nililinganisha bei ya sahani na bei ya sahani. Nilichopaswa kuuliza ni hiki: tutakula ngapi kweli?

Siku zetu nne zilivyokwenda

Siku ya kwanza tulipanda treni ya asubuhi. Tulishuka Miritini mchana, tukashika barabara ya Dongo Kundu, na kufikia tunakabidhiwa funguo Diani chakula cha mchana kilikuwa kimetolewa mezani kitambo. Hapo hatukupoteza kitu, kwa sababu mpango wetu ulianza kuhesabiwa jioni. Tulikula chakula cha jioni wote wanne, na Mama akarudia samaki.

Siku ya pili tulikwenda Wasini. Kama hujawahi kwenda, ni safari ya siku nzima: unatoka asubuhi na mapema mpaka Shimoni, unapanda mashua kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, mkibahatika mnaona pomboo, kisha mnakula kisiwani. Chakula hicho kiko ndani ya bei ya safari. Tulikula kaa, samaki na wali wa nazi tukashiba mpaka tukanyamaza. Wakati huo huo, kilomita nyingi kutoka hapo, sahani zetu nne za hoteli, zilizolipiwa tangu Juni, zilikuwa zinapita. Siku hiyo tulilipia chakula cha mchana mara mbili.

Siku ya tatu Mama na mama mdogo walisema miguu imechoka, wakabaki hotelini. Mimi na dadangu tukavuka feri ya Likoni tukaenda Mombasa mjini kuona Fort Jesus na Mji wa Kale. Mchana tulikula biriani huko huko. Tulichelewa kurudi, tukala jioni Ukunda, pilau na samaki wa kupaka, 900 watu wawili. Sahani mbili za mchana na mbili za jioni zikaenda hivyo.

Siku ya nne treni yetu ilikuwa ya saa tisa alasiri. Mkahawa wa hoteli unafungua saa sita u nusu. Ukitaka kufika Miritini kwa wakati, upite ukaguzi wa mizigo bila presha, saa hiyo uko barabarani. Sahani nne nyingine zikabaki. Baadaye nilijua kwamba tungewaambia jikoni usiku wa kuamkia, wangetufungia chakula cha njiani. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Sasa hesabu. Chakula cha mchana: sahani 12 kwa 1,200, jumla 14,400. Zilizoliwa ni 2. Maana yake kila sahani iliyoliwa ilitugharimu 7,200. Kwa jioni hali ilikuwa tofauti: tulilipia 12, tukala 10, na kila sahani ikatoka 1,440. Hiyo ni chini ya bei ya kuingia na kulipa papo hapo.

Kwa kifupi, HB ingetutosha. Tungelipa 69,600. Zile mchana mbili tungezilipia siku yenyewe kwa 1,500 kila moja, yaani 3,000. Tungebaki na 11,400 kwenye simu. Hizo ni karibu mchango wetu wa mwezi mzima.

Mbona tunapenda kulipa mapema?

Si ujinga. Mwaka 1998 watafiti wawili wa vyuo vya Marekani, Drazen Prelec na George Loewenstein, waliandika kuhusu uchungu wa kulipa. Waliwauliza watu: ukinunua mashine ya kufua nguo kwa malipo ya miezi sita, ungependa kulipa kabla haijaja au ukiwa tayari unaitumia? Na likizo je? Kwa mashine, wengi walitaka kulipa wakiwa wanaitumia. Kwa likizo, wengi walitaka kumaliza deni kabla ya kusafiri. Sababu yao unaijua hata bila kusoma utafiti: raha ambayo tayari imelipiwa huwa tamu kuliko raha inayodaiwa.

Hoteli zinajua hilo, na viwanja vikubwa vya burudani vinajua zaidi. Walt Disney World kule Florida walianza kuuza mpango wa chakula cha kulipia mapema mwaka 2005. Wakausimamisha Covid ilipoingia mwaka 2020, kisha wakaurudisha Januari 2024. Pale unanunua pointi za chakula kulingana na idadi ya usiku, na pointi ambazo hujatumia zinakufa saa sita ya usiku wa siku unayoondoka. Familia za Kimarekani hubishana juu ya mpango huo kila mwaka, na ubishi wao ni sawa na wetu: ni nafuu, au ni kulipia chakula ambacho hatutakila?

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya Disney na Diani. Ukiwa ndani ya kiwanja kile, karibu kila unachoona cha kula kinauzwa na mwenye kiwanja au kwa ruhusa yake, na kutoka nje kutafuta chakula ni safari. Diani, ukivuka lango la hoteli tu, kuna mtu anauza madafu, mwingine mishkaki, na hatua chache mbele kuna mkahawa. Mombasa ndio usiseme. Mtu anayekwenda Mama Ngina jioni asile mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, huyo amekwenda kufanya nini?

Kwa hivyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: kadiri mahali palivyo mbali na chakula kingine, ndivyo FB inavyokuwa na maana. Ukienda kambi ya Maasai Mara au Tsavo, chukua FB bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu hutatoka usiku na tochi kutafuta kibanda. Ukienda mji wenye watu na vyakula vyake, ujue kwamba FB inakulipisha ili ubaki ndani.

Upande wa pili, kwa haki

Dadangu hakubaliani nami, na hoja yake ina uzito. Anasema pesa iliyo kwenye simu ina miguu. Ukiacha 11,400 ikae pale, itanunua leso, itanunua mabuyu ya jirani, itamtumia binamu aliyepiga simu akisikia uko Mombasa. Ukishalipia chakula, angalau chakula kipo. Kwa mtu anayejijua kwamba hawezi kuona salio bila kuligusa, kulipa mapema ni kufuli.

Pia kuna familia ambazo FB inawafaa kabisa. Mkiwa na watoto wadogo ambao wakiona bwawa la kuogelea hawataki kwenda kokote, mtakuwa hotelini kila saa ya chakula. Hapo ukinunua chipsi moja moja kando ya bwawa utalia. Uliza tu bei ya watoto, kwa sababu kila hoteli ina umri wake wa kula bure au kwa nusu bei.

Nami nina sababu yangu ya kutodharau FB. Ile siku ya tatu, Mama na mama mdogo walikula mchana hotelini. Nilipomuuliza jioni kulikuwaje, hakusema lolote kuhusu chakula chenyewe. Alisema, “Nilikaa. Wakaja wakachukua sahani. Nikaendelea kukaa.”

Kisha akauliza sahani ile ni pesa ngapi. Nikafanya kosa la kumwambia bei ya wageni wa nje. Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. “Elfu moja mia tano? Hizo ni sahani kumi za kwangu.” Namjua Mama. Angeona bei hiyo kabla, angesema hana njaa, angenunua ndizi mbili akalale. Alikula kwa sababu ilikuwa imeshalipwa, na kukataa kungekuwa kuharibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulipa mapema si hesabu tu. Kuna watu katika kila familia yetu ambao hawawezi kujinunulia kitu kizuri hata pesa ikiwa yao. Kwao, chakula kilicholipiwa ni ruhusa. Lakini hata ruhusa hiyo haikuhitaji sahani 12. Ilihitaji nichukue simu asubuhi ile, nilipe 3,000 mapokezi kabla hawajaamka, kisha niwaambie tu, “Mchana mnakula hapa.” Siku hizi kulipa ni sekunde chache. Huhitaji kuamua Juni mtu atakula nini Agosti.

Kabla hujatuma pesa

Kama umefika hapa na bado unapanga safari, fanya mambo haya kabla ya kubonyeza PIN.

Chora siku zako kwenye karatasi. Andika kila siku saa za chakula, na kando yake utakuwa wapi. Pale ambapo huna uhakika, weka alama ya kuuliza. Alama zikizidi nusu, usilipie mlo huo mapema. Kisha chukua tofauti ya bei yote, ugawanye kwa milo utakayokula kweli, wala si kwa milo unayouziwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Piga simu hotelini na uulize maswali haya. Mpango unaanza na mlo gani na kuishia na upi? Maji ya kunywa yamo? (Yetu hayakuwamo. Maji na soda vilitugharimu 5,600 kwa siku zile, na hizo hazikuwa kwenye bajeti.) Tukienda matembezini mnaweza kutufungia chakula? Tukifika na HB, tunaweza kuongeza mchana wa siku moja, kwa bei gani? Tukibadilisha tarehe, pesa ya chakula inarudi? Kama ni Desemba, kuna malipo ya ziada ya chakula cha Krismasi au Mwaka Mpya? Usione haya kuuliza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Majibu yao waombe wayaandike, hata kwa ujumbe mfupi tu.

Lipa kwa nambari ya biashara. Hili nalisisitiza kwa sababu misimu ya likizo ndiyo misimu ya matapeli. Akija mtu mtandaoni na picha nzuri za hoteli na bei iliyo nusu ya zingine, halafu akakupa nambari yake binafsi umtumie, simama hapo hapo. Tafuta nambari ya hoteli wewe mwenyewe, piga, uliza kama wanamjua na kama kuna buking kwa jina lako. Ukilipa kwa Till au Paybill, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa tofauti na la hoteli au kampuni uliyoambiwa, ghairi. Na zile jumbe za malipo usizifute mpaka urudi nyumbani. Zangu ndizo zilizonisaidia kupiga hesabu hii.

Lipa malazi kwanza, chakula baadaye. Kama unalipa mdogo mdogo, omba mkataba wa BB au HB, na uulize kama unaweza kuongeza mlo ukifika. Pesa ya mchana iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, kando na salio la kila siku, ili ile miguu aliyosema dadangu ifungwe kidogo. Kila asubuhi ukiwa huko, toa ya siku hiyo tu.

Na usikope ili ulipie chakula mapema. Mkopo wa simu una ada na una tarehe. Sahani ambayo huenda usiile haifai kukuzalia deni. Kama pesa ya FB haipo, maana yake ni HB, au BB na mihogo ya Mama Ngina. Hakuna aibu hapo, na pengine utakula vizuri zaidi.

Mwaka huu tunapanga tena. Mama amesema anataka kurudi, ila safari hii anataka kuona Lamu. Nimeshauliza bei: tutachukua HB. Zile pesa za mchana nimezifungulia akiba yake, na nambari ya Till ya hoteli nimeihifadhi kwenye simu. Asubuhi moja Mama atakapokuwa bado amelala, nitalipa sahani moja ya mchana. Bei yake hataijua.